Tahajia ya Viishio vya Vitenzi katika Maandishi ya Lubumbashi

Kila lugha iandikwayo hufika mahali ambapo kitenzi hukutana na kiishio chake, na hapo mwandishi hulazimika kuchagua herufi. Kiingereza kina kanuni nyingi juu ya jambo hili: mara herufi ya mwisho hurudufishwa, kama katika stop na stopping, mara hudondoshwa, kama katika make na making. Kiswahili husifiwa kwamba hakina taabu hiyo. Hata hivyo, historia ya maandishi ya Lubumbashi yaonyesha kuwa sifa hiyo si kamili.

Tahajia ya Kiswahili sanifu ilitokana na maamuzi yaliyofanywa mbali na Katanga. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo ya Kibelgiji haikuwamo. Mwaka uo huo wa 1928, John Whitehead na mkewe walichapisha huko Wayika kitabu chao cha Kingwana, yaani Kiswahili cha magharibi. Wakati huo Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910, ulikwisha kuwakusanya wafanyakazi wa migodi wenye lugha mbalimbali, wakiwamo Waluba na Wabemba. Kiswahili chao kilikua kazini na mitaani kabla ya kukua darasani.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni vitenzi viishiavyo kwa irabu mbili. Kiswahili sanifu huandika kimbia na chukua. Mkono wa Lubumbashi mara nyingi huandika kimbiya na chukuwa. Mwandishi huyo hakukosa kusikia: kati ya irabu hizo ulimi hupitia kweli kwenye y au w. Kiswahili sanifu kiliamua tu kutoandika mpito huo. Wala irabu hizo hazikukutana tangu awali. Hapo kale palikuwa na l, ambayo bado hujitokeza katika kauli ya kutendea na ya kutendwa: kimbia huzaa kimbilia, chukua huzaa chukuliwa. Kibemba kimeihifadhi waziwazi, kwani kitenzi chake lila ndicho lia ya Kiswahili.

La pili ni kiishio -aka, kama katika anasomaka au alipikaka, ambacho huonyesha mazoea au wakati uliopita. Hapa tahajia sanifu haina la kusema, kwa kuwa sarufi yake haikitambui kiishio chenyewe. Mwalimu akikifuta kwa wino mwekundu, hasahihishi herufi, anaondoa maana.

Uzito wa suala hili unaonekana katika andiko la André Yav la mwaka 1965, linalosimulia historia ya Elisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Andiko hilo lilipigwa taipu bila kufuata kanuni yoyote ya shule, na mipaka ya maneno yake hubadilika badilika. Johannes Fabian alipolihariri, Kalundi Mango alilisoma kwa sauti ili maneno yapate kutambulika. Toleo la mwaka 1990 likatoa andiko la asili pamoja na matini iliyotokana na usomaji huo. Lau mhariri angalisahihisha kimyakimya, wasomaji wangalipata Kiswahili safi, lakini wangalipoteza ushahidi wa jinsi wakazi wa mji huo walivyoisikia lugha yao.

Mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi, na suala la kusawazisha tahajia za lugha za nchi lilikuwa miongoni mwa shughuli zao. Haja hiyo ilikuwa ya haki: vitabu vya shule haviwezi kuandikwa kila kimoja kwa namna yake. Lakini kanuni ya kufundishia si kanuni ya kuhifadhia. Mwanafunzi anayeandika tasnifu na aandike chukua. Anayenakili barua ya mchimba madini na aache chukuwa kama ilivyo, kisha aweke usomaji wake kando. Kwa njia hiyo shule itapata usawa wake, na wazee walioandika bila shule hawatanyang'anywa sauti yao.