Mtihani Ambao Haukufika Lupa

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijana wa Kiingereza aliyemaliza Oxford au Cambridge na kutamani kazi ya utawala ng'ambo alikuta milango miwili. Aliyetaka India alikaa kwenye mtihani wa kuandika uliokuwa wazi, akashindana na wenzake, na majina yakapangwa kwa alama. Aliyetaka Tanganyika, ambako huenda angepelekwa Chunya kusimamia wachimbaji wa dhahabu wa Lupa, hakufanyishwa mtihani wowote wa kushindania nafasi. Alijaza fomu, walimu wake wakaulizwa kwa siri ni mtu wa namna gani, kisha akaitwa Wizara ya Makoloni kuzungumza na Ralph Furse, aliyesimamia uteuzi huo, na wasaidizi wake. Hao walimpima kwa mazungumzo: shule aliyosoma, michezo aliyocheza, jinsi anavyojieleza. Mwaka 1930 kamati iliyoongozwa na Warren Fisher ilitathmini utaratibu huo na kuridhia uendelee. Kwa hiyo himaya moja, kwa vijana wale wale, iliamua kwamba mtawala wa India apatikane kwa alama na mtawala wa Afrika apatikane kwa kutazamwa na kupendezwa naye. Uamuzi huo umeacha alama katika utumishi wa umma wa Tanzania hadi leo, nao unaeleza kwa nini mtihani wa maarifa ya jumla, ambao vijana wengi wa nyanda za juu kusini wanauona kama kikwazo cha mwisho cha kuwanyima kazi, unastahili kutetewa, na kurekebishwa.

India yenyewe haikuanza na mtihani. Nafasi za Kampuni ya Mashariki ya India ziligawiwa na wakurugenzi wake kwa wana, wapwa na watoto wa marafiki, mpaka sheria ya mwaka 1853 ilipouondoa ugawaji huo. Kamati ya Macaulay ikaandika mapendekezo mwaka 1854, na mtihani wa kwanza ukafanyika London mwaka 1855. Kwa jina ulikuwa mtihani wa watu wote. Kwa maswali ulikuwa wa wachache, kwa kuwa alama nyingi zilitolewa kwa Kigiriki, Kilatini na fasihi ya Kiingereza, na Mhindi alilazimika kwanza kupanda meli mpaka London. Satyendranath Tagore aliupita mwaka 1863 akiwa Mhindi wa kwanza, na miaka kumi na mitano baadaye umri wa mwisho ukashushwa hadi miaka 19, jambo lililowafungia mlango vijana wengi wa Kihindi. Ilichukua hadi mwaka 1922 mtihani kuanza kufanyika pia nchini India kwenyewe, mjini Allahabad. Katika historia hiyo kuna jambo ambalo watetezi wengi wa mitihani hulipita haraka: mtihani unaweza kuwa wazi mlangoni na umefungwa ndani ya maswali. Anayechagua cha kuulizwa ndiye anayechagua wa kuajiriwa.

Baada ya uhuru Wahindi hawakuutupa mtihani wa mkoloni, waliubadilisha tumbo. Tume yao ya Utumishi ya Muungano ilianza kwa jina hilo mwaka 1950, na tangu mwaka 1979 mchakato una hatua tatu: mchujo, mtihani wa kina, na mahojiano. Mada zinajulikana mapema kwa kila mtu: historia ya nchi, jiografia yake, katiba, uchumi, mazingira, maadili ya utumishi. Karatasi za mtihani wa kina zinaweza kujibiwa kwa lugha yoyote kati ya 22 zilizotajwa kwenye katiba. Zaidi ya watu milioni moja huomba kwa nafasi ambazo kwa kawaida huzunguka 1,000. Ni msongamano wa kutisha, lakini mtoto wa mkulima aliye na kitabu anajua atakachoulizwa sawasawa na mtoto wa waziri.

Huku kwetu hakuna kilichofanana na hicho. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kutoa humo makarani na walimu waliosambazwa bara, wakitumia Kiswahili kama lugha ya utawala. Waingereza walipoingia, Gavana Donald Cameron akaleta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, na shule ya Tabora ikafunguliwa kwa nia ya kuwaandaa watoto wa machifu. Aliyepata elimu bila kuwa chifu kwa kawaida aliishia ukarani, hata akiwa na uwezo wa Martin Kayamba, mwasisi wa chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, aliyefika London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mizani ya mishahara ilifuata rangi ya ngozi. Mtu kama Kayamba hakuwa na karatasi ya mtihani ya kuweka mezani na kusema: nimewashinda, nipeni nafasi yangu. Mhindi wa wakati ule alikuwa nayo, na ndiyo maana mpigania uhuru Subhas Chandra Bose aliweza kuufaulu mtihani wa India mwaka 1920 na kuiacha nafasi hiyo mwaka uliofuata kama tendo la kisiasa. Huwezi kukataa kwa heshima kitu ambacho hukuwahi kuruhusiwa kukishindania.

Hata hivyo mtihani mmoja ulikuwepo, na huo ndio unaonifunza zaidi. Ofisa kijana wa Kiingereza aliyekwisha kuchaguliwa kwa mazungumzo hakuthibitishwa kazini mpaka afaulu Kiswahili na sheria za nchi. Serikali ya kikoloni ilitambua kwamba shule nzuri ya Uingereza haimfanyi mtu aweze kukaa barazani Chunya na kuamua shauri. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa mapema katika miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza, mamia ya Wazungu waliokosa kazi walimiminika huko, pamoja na maelfu ya vibarua wa Kiafrika na wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga maduka ya mji wa Chunya. Ofisa wa mahali hapo alipaswa kujua mipaka ya viwanja vya uchimbaji, mikataba ya vibarua, chakula kinatoka wapi na nani hajalipwa ujira. Hayo yote hayakuwa maarifa ya jumla kwa maana ya miji mikuu ya dunia. Yalikuwa maarifa ya nchi anayoitawala. Mkoloni aliyataka kwa faida yake mwenyewe, wala hakuna haja ya kumsifu. Lakini kama mgeni aliona hawezi kutawala bila kuyajua, serikali yetu ina sababu kubwa zaidi ya kuyadai.

Uhuru ulipokuja, pengo la watumishi lilikuwa kubwa kiasi kwamba kuwashindanisha vijana kusingekuwa na maana. Aliyemaliza sekondari au chuo alipangiwa kazi, na cheti kikawa ndiyo barua ya ajira. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliongeza kipimo kingine: kabla ya kuingia chuo kikuu, kijana afanye kazi kwanza na apate pendekezo la chama. Nia ilikuwa kuhakikisha msomi anaijua jamii yake, na nia hiyo bado ni njema. Tatizo ni kwamba mwenendo wa mtu ulipimwa na watu wachache waliomfahamu, na kufahamiana huko ndiko kulikozaa kujuana. Miaka ya 1990 ajira zikasimamishwa, kupangiwa kazi kukaisha, na waliohitimu wakaanza kuzunguka na bahasha. Sera ya ajira ya mwaka 1999 ikarudisha msingi wa ushindani, na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, iliporekebishwa mwaka 2007, ikaweka Sekretarieti ya Ajira. Ndipo usaili wa mchujo tunaoujua leo ulipopata mizizi.

Wapo wanaosema cheti kingetosha, kwani kijana amekwisha kupimwa na Baraza la Mitihani na chuo chake, ya nini kumpima tena? Matukio mawili yanajibu. Juni 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wote walikuwa na vyeti, na cheti peke yake hakiwezi kuchagua 70 kati ya 10,000. Kama mtihani hauchagui, simu ya mjomba itachagua. Kisha Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ukawaondoa kazini watumishi 9,932 waliobainika kutumia vyeti vya kughushi. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa wamepita kwa karatasi tu, bila yeyote kuwauliza swali ambalo cheti cha kughushi hakiwezi kulijibu. Mtihani wa kuandika, unaosahihishwa kwa namba bila jina, ndio hatua pekee ya ajira ambayo msahihishaji hajui kama karatasi ni ya mtoto wa Makongolosi au wa Masaki. Kwa kijana asiye na ndugu ofisini hiyo ni ngao, na wenye ndugu wanalijua hilo vizuri kuliko yeye.

Udhaifu uko kwenye kinachoulizwa. Chukua tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu, ambalo halmashauri nyingi hulibandika kila zinapopata kibali. Linataka kidato cha nne au cha sita, na cheti cha utawala, sheria, elimu ya jamii, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Majukumu yanaeleza kwamba atakuwa mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa vikao, na msimamizi wa ulinzi na usalama wa watu na mali zao. Kuhusu maarifa ya jumla atakayopimwa, hakuna mwongozo. Kijana anabaki kukusanya maswali yanayozunguka kwenye makundi ya simu na kukariri majina ya mawaziri wa mwaka huo. Sasa mfikirie amefaulu na kupewa kijiji cha Chunya chenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe. Wiki ya kwanza mwenye shamba analalamika kwamba mtu mwenye leseni ndogo ya uchimbaji ameingia shambani kwake. Inambidi mtendaji ajue kwamba leseni hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Madini, si na kijiji. Kwamba ardhi ya juu inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwamba fidia ni haki ya mwenye ardhi. Inambidi ajue soko la madini lililofunguliwa Chunya mwaka 2019 linafanyaje kazi, mrabaha wa serikali kuu unaachana wapi na ushuru wa huduma wa halmashauri, na kwa nini Tanzania, iliyoridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, inataka zebaki ipungue kwenye karai la mchimbaji. Asipoyajua, atampigia simu mtu wa kwanza anayemfahamu, na mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye leseni.

Pingamizi zito zaidi linatoka India kwenyewe. Huko mtihani umezaa biashara ya vituo vya kufundishia, vijana wanakaa Delhi miaka wakirudia mwaka hadi mwaka, na Julai 2024 wanafunzi watatu walikufa maji yalipofurika kwenye chumba cha chini ya ardhi cha kituo kimoja cha aina hiyo. Sioni sababu ya kulipunguza uzito jambo hilo. Lakini maradhi yale yanatokana na nafasi chache kuvutia umati kuzidi kiasi, na umati huo tunao tayari: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000. Kuficha mada hakuwapunguzi. Kunafanya tu zijulikane na wenye pesa za kununua maswali ya zamani au wenye jamaa wa kuwanong'oneza. Wengine wanasema mtihani haupimi uadilifu, na ni kweli. Ila mazungumzo ya Furse hayakuupima pia, na mahojiano ya robo saa ya leo hayaupimi. Uadilifu unalindwa na ukaguzi na nidhamu baada ya mtu kuajiriwa. Wapo pia wanaohofia kwamba maswali ya mahali yatawapendelea wenyeji na kurudisha ukabila. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama Chunya wangeulizwa Chunya peke yake. Mtihani ukigusa uvuvi wa Kilwa, kahawa ya Mbinga, tumbaku na dhahabu ya Lupa na mifugo ya Longido, na mada zikachapishwa, mtoto wa Mbeya atasoma habari za Kilwa na wa Kilwa atasoma za Mbeya, na atakayepangiwa mbali na kwao hatafika akiwa kipofu.

Umbali nao ulikuwa hoja ya haki. Kutoka mji wa Chunya hadi Mbeya ni kilomita 72, na hadi Dodoma ni nauli na malazi ambayo wazazi wengi wa Lupa Tingatinga hawawezi kuyalipa mara tatu kwa mwaka. Usaili wa walimu uliofanyika mikoani mapema mwaka 2025 umeonyesha kwamba inawezekana karatasi kumfuata mwombaji, na hapo Sekretarieti inastahili pongezi. Kilichobaki hakihitaji fedha nyingi. Ofisi ya Rais Utumishi ichapishe mada za maarifa ya jumla kwa kila ngazi ya ajira, kwa Kiswahili, ziwekwe kwenye tovuti na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata. Iruhusu majibu ya Kiswahili kwa kada zote zinazomhudumia mwananchi kwa Kiswahili. Na itoe maswali ya mwaka uliopita pamoja na majibu yake, ili kijana wa Matundasi asome usiku anachosoma mwenzake wa Dar es Salaam.