Biashara ya Kuunda Meli: Jinsi Uingereza Ilivyoipata na Jinsi Ilivyoipoteza

Wasikilizaji wetu, wale wakaao kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua meli iliyopewa jina la ziwa lao. Meli hiyo iliundwa katika kiwanda cha Yarrow, mjini Glasgow, katika nchi ya Scotland. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kisumu, na huko ikaunganishwa tena, hata ikaanza kazi mwaka 1961. Miaka mingi ikapita, meli ikachakaa, ikasimama. Baadaye ilitengenezwa upya Mwanza, ikarudi kazini mwaka 2020. Walakini kampuni iliyopewa kazi hiyo haikutoka Scotland, ilitoka Korea Kusini. Na meli mpya iitwayo Mwanza, iliyoshuliwa katika ziwa lilo hilo mwezi wa Februari 2023, nayo iliundwa chini ya uongozi wa kampuni ya Korea Kusini.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivyo. Meli ya kwanza ya mvuke iliyoshuliwa Kisumu, mwaka 1900, ilikuwa William Mackinnon, nayo iliundwa Paisley, karibu na Glasgow. Na nyingi zilizofuata zilitoka mumo humo. Basi mtu aweza kuuliza: Mafundi wale wa Scotland wamekwenda wapi? Wamesahau kazi yao, au wamenyang'anywa? Swali hili ndilo tutakalojaribu kulijibu leo, kwa kuwa ndani yake mna habari kubwa ya biashara nzima ya kuunda meli duniani.

Tuanze na vyombo vya mbao. Fundi wa Lamu anajua ya kwamba chombo huanza msituni. Yeye huchagua mti ulionyooka kwa mkuku, na miti iliyopinda kwa asili yake kwa mataruma. Hali ilikuwa ndiyo hiyo Ulaya. Mwanzo wa karne ya 19 Waingereza walikuwa mabaharia mashuhuri, lakini miti mizuri ya kuundia ilikuwa imepungua kwao, na bei yake imepanda. Marekani ilikuwa na misitu tele karibu na bahari, kwa hiyo merikebu za Wamarekani zilikuwa rahisi kuliko za Waingereza. Lau dunia ingalidumu na vyombo vya mbao, pengine Uingereza isingalipata kamwe enzi tutakayoisimulia.

Kilichogeuza mambo ni chuma na mvuke. Mwaka 1843 ilishuliwa mjini Bristol meli iliyoitwa Great Britain, yenye mwili wa chuma na yenye kusukumwa na parafujo nyuma badala ya magurudumu ya ubavuni. Watu wakaona ya kwamba chuma chaweza kubeba shehena kubwa kuliko mbao. Sasa haja haikuwa tena ya misitu, bali ya chuma na makaa ya mawe. Na vitu hivyo viwili Uingereza ilikuwa navyo kwa wingi karibu na mito yake, Clyde katika Scotland, na Tyne na Wear kaskazini ya England.

Mwanzoni meli za mvuke zilikuwa na kasoro moja: zilikula makaa mengi mno, hata nafasi ya shehena ikawa ndogo. Mwaka 1854 fundi mmoja wa Glasgow, John Elder, alitia melini injini iliyoutumia mvuke ule ule mara mbili kabla ya kuuachilia, na kwa hiyo makaa yaliyohitajiwa yakapungua sana. Kisha mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa. Merikebu za tanga hazikuweza kuupita kwa urahisi, wala upepo wa Bahari ya Sham haukuzifaa. Tangu hapo safari ya Bara Hindi na China ikawa ya meli za mvuke, na matajiri wote wa meli wakaenda kugonga milango ya viwanda vya Uingereza. Ilipofika miaka ya 1890, karibu tani nne katika kila tano za meli zilizoundwa duniani ziliundwa Uingereza. Mwaka 1913 mto Clyde peke yake ulishua meli za tani zaidi ya 750,000.

Sasa tutazame jinsi biashara hii inavyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Biashara ya kuunda meli ina mwendo kama wa wakulima wa vitunguu. Bei ya vitunguu ikipanda, kijiji kizima hupanda vitunguu. Vikikomaa vyote pamoja, soko hujaa, bei huanguka, na mwaka wa pili hakuna apandaye. Ndivyo matajiri wa meli wafanyavyo. Shehena zikiwa nyingi na nauli ikiwa juu, wote huagiza meli kwa wakati mmoja. Lakini meli haiundwi kwa siku moja. Zikiisha kuundwa, huenda shehena zimepungua. Na kwa kuwa meli hudumu miaka 20 au zaidi, tajiri aweza kukaa muda mrefu asiagize nyingine. Kwa hiyo kiwanda huwa na mwaka wa karamu na mwaka wa njaa.

Wenye viwanda vya Uingereza waliijua hali hii, nao wakaitafutia dawa. Walinunua mitambo michache, wakategemea mikono ya mafundi. Waliwaza hivi: mtambo ukilala bila kazi, fedha iliyoununua yapotea, lakini fundi asipokuwa na kazi, mtu humwambia tu aende zake mpaka aitwe. Kwa wenye mali hesabu hiyo ilikuwa sawa. Lakini mzigo wa mwaka wa njaa uliwekwa juu ya mabega ya fundi na watoto wake. Fundi naye akajilinda kwa njia aliyoiweza: kila aina ya mafundi wakafanya chama chao, wakaishika kazi yao kama mtu ashikavyo mpaka wa shamba. Wapiga ribiti, yaani misumari ya moto ya kuunganishia mabamba ya chuma, hawakukubali wengine wapige ribiti. Maseremala hawakukubali wengine waguse mbao. Tangu hapo ukuta wa kutoaminiana ukasimama kati ya bwana na fundi. Katika miaka ya karamu ukuta huo haukuonekana.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza karamu ikaisha. Mwaka 1920 Uingereza ilikuwa imeshua tani zaidi ya milioni 2. Mwaka 1933 ilishua tani 133,000 tu. Wenye viwanda walifanya shirika mwaka 1930 la kununua viwanda na kuvifunga, ili vilivyosalia vipate kazi. Katika vilivyofungwa kimoja kilikuwa kiwanda cha Palmer katika mji wa Jarrow, kando ya mto Tyne. Mji ule uliishi kwa kiwanda kile, nacho kilikuwa kimeunda meli tangu miaka ya 1850. Mahali pale pakawekewa sharti ya kwamba pasiundwe meli tena kwa muda wa miaka 40. Mwezi wa Oktoba 1936 wanaume kama 200 wa Jarrow walikwenda kwa miguu mpaka London, mwendo wa karibu siku 26, wakichukua sandukuni maombi yenye sahihi zaidi ya 11,000. Hawakuomba sadaka, waliomba kazi. Walisikilizwa kwa heshima, wakarudi kwao mikono mitupu. Jambo hilo halikusahauliwa, na watoto waliowaona baba zao wakirudi hivyo ndio waliokuwa mafundi wa miaka iliyofuata.

Vita Kuu ya Pili ilileta njia mpya. Marekani ilihitaji meli nyingi kwa haraka, wala haikuwa na mafundi wa kutosha. Kwa hiyo meli ikagawanywa vipande vikubwa, kila kipande kikaundwa mahali pake, kisha vyote vikaletwa na kuunganishwa. Na badala ya kupigwa ribiti, mabamba yakachomelewa kwa moto wa umeme. Watu ambao jana walikuwa wakulima au wauza duka, wanaume na wanawake, walifundishwa kuchomelea kwa muda mfupi. Kwa njia hiyo zikaundwa meli za shehena zaidi ya 2,700 za namna moja, katika miaka ya 1941 mpaka 1945. Na ajabu ni hii, ya kwamba ramani ya asili ya meli hizo ilitoka Sunderland, katika nchi ya Uingereza.

Vita vilipokwisha, viwanda vya Ujerumani na Japani vilikuwa magofu, na Uingereza ikapata tena karibu nusu ya kazi yote ya dunia. Hapo ndipo ilipopasa kubadili viwanda. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wenye viwanda walikumbuka miaka ya njaa, wakaogopa kutoa fedha kwa majengo mapya. Mafundi walikumbuka Jarrow, wakaogopa ya kwamba kila mtambo mpya utamtoa mtu kazini. Pengine kazi ilisimama kwa ubishi wa nani mwenye haki ya kutoboa mashimo. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na kila upande uliuona ubaya wa mwenziwe tu.

Wakati huo huo Japani ilikuwa ikijifunza. Mwaka 1951 tajiri mmoja wa Marekani, Daniel Ludwig, alikodi gudi kubwa la Kure, lililokuwa la manowari za Japani, akaleta huko njia ya kuchomelea na kuunda kwa vipande. Wajapani wakaitazama, wakaishika, wakaitengeneza iwe bora kuliko walivyoipokea. Mwaka 1956 Japani ikaipita Uingereza. Kisha mwaka 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa ajili ya vita, nao ukakaa hivyo miaka 8. Mafuta ya Ghuba yakawa yazunguka Afrika nzima, kupitia bahari yetu hii mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa safari ndefu hivyo zilitakiwa meli kubwa mno, na viwanda vingi vya Uingereza vilikuwa kwenye mito myembamba, havina nafasi ya kuziunda.

Mwaka huo huo wa 1967 ilishuliwa katika mto Clyde meli nzuri ya abiria, Queen Elizabeth 2, na dunia ikaisifu. Miaka 4 tu baadaye kundi la viwanda lililokirithi kiwanda kilichoiunda lilifilisika. Mafundi wakakataa kutoka, wakaendelea na kazi bila bwana mpaka serikali ikakubali kusaidia. Mwaka 1977 serikali ikachukua viwanda vingi mikononi mwake. Lakini bei ya mafuta ilikuwa imekwisha panda tangu 1973, na meli za mafuta zililala bandarini bila kazi. Mwaka 1988 Sunderland, mji uliokuwa ukijivunia kuunda meli kuliko miji mingine yote, ukaambiwa viwanda vyake vya mwisho vifungwe.

Na Korea Kusini je? Mwanzo wa miaka ya 1970 tajiri Chung Ju-yung wa kampuni ya Hyundai hakuwa na kiwanda kikubwa cha meli. Alikuwa na ufuko tu mahali paitwapo Ulsan. Alikwenda Uingereza kutafuta mkopo na maarifa. Akapata ramani za meli kutoka kiwanda cha mto Clyde, na watu wake wakapelekwa huko kujifunza. Kiwanda na meli za kwanza vikajengwa pamoja, na mwaka 1974 meli mbili za tani 260,000 kila moja zilikuwa tayari. Baadaye Korea Kusini iliipita Japani, na China nayo ikaipita Korea Kusini; mwaka 2023 China iliunda zaidi ya nusu ya tani zote za dunia. Twaona basi ya kwamba kiti hiki hakina mwenyewe.

Lakini kazi ya kutengeneza meli zilizochakaa ina soko lake mbali. Mwenye kuagiza meli mpya aweza kwenda popote penye bei nzuri. Mwenye meli iliyotoboka hutafuta gudi lililo karibu na njia yake. Singapore, iliyo kwenye njia kuu ya Mashariki, iliachiwa na Waingereza gudi la manowari mwaka 1968, ikaligeuza kuwa la kutengeneza meli za biashara, ikapata riziki kubwa. Na meli ya ziwani, ambayo haiwezi kutoka ziwani, lazima itengenezwe papo hapo. Ndiyo maana magudi ya Kisumu na Mwanza yana thamani kuliko ukubwa wake. Vipande vyaweza kutoka Scotland au Korea. Lakini mwenye kuijua meli usiku inapovuja ni fundi wa hapa.

Basi tukirudia swali letu: mafundi wa Clyde hawakusahau kazi yao, wala hawakunyang'anywa kwa nguvu. Ustadi ulikuwapo mpaka siku ya mwisho. Kilichokosekana ni bwana na fundi kuaminiana, ili wabadili desturi wakati soko lilipokuwa bado zuri. Aliyemwachia mwenziwe mzigo wote wa mwaka wa njaa hakumpata wa kumsaidia mwaka wa mabadiliko. Ninyi mnaojifunza ufundi leo, wa meli au wa kazi nyingine yoyote, lishikeni hilo. Na kwa hayo twakomea hapa. Kwaherini.