Jini Kwanza: Kupendekeza Vitabu vya Ajabu kwa Msomaji wa Kiswahili

Kijana mmoja wa kidato cha tano, ambaye hupita kwangu kuazima vitabu, alinirudishia Kusadikika siku mbili tu baada ya kuichukua. Nikamuuliza vipi, mbona mapema.

"Shikamoo, mwalimu. Hiki nakijua. Ni ukoloni."

"Marahaba. Nchi yenyewe iko wapi?"

Akafikiri kidogo. "Tanganyika."

Nilitamani anijibu kwamba iko hewani, maana huko ndiko iliko. Mwaka 1951 Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani, akaipa mfalme, mawaziri, mahakama na jela, kisha akawatuma wajumbe wake sita pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila aliyekwenda alirudi na maarifa, na kila aliyerudi alitiwa kifungoni. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba yote hayo ni Tanganyika ya Mwingereza hana sababu ya kumfuata mjumbe hata mmoja. Amefika kabla ya kuondoka.

Ninachodai hapa ni hiki: tunapopendekezeana bunilizi za kisayansi, fantasia na hadithi za kutisha, sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kupendekeza maana ya kitabu na kukiacha kitabu chenyewe rafuni. Tabia hiyo tumeitoa darasani. Mtihani huuliza dhamira, na mwanafunzi anayejibu kwamba kitabu kinahusu nchi inayoelea hapati alama. Matokeo yake ni kwamba hazina yetu ya ajabu, ambayo si ndogo hata kidogo, imehifadhiwa kwenye kabati la vitabu vya mtihani, na watu wazima wanaotafuta kitabu cha kuwakosesha usingizi hawafikirii kulifungua.

Tzvetan Todorov, katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliijenga nadharia yake juu ya mashaka. Jambo lisiloelezeka linatokea, na msomaji anasitasita: je, ni macho yangu, au ulimwengu una sheria nisizozijua? Fantasia kwake huishi ndani ya kusitasita huko. Akaongeza sharti ambalo wahakiki wetu hawalitaji sana, kwamba usomaji wa kiistiari huua fantasia papo hapo. Ukishasema jini ni ubeberu, huna tena sababu ya kusitasita. Kwa hiyo mapendekezo yetu ya kawaida hayapunguzi utamu tu. Yanakihamisha kitabu kutoka utanzu mmoja hadi mwingine kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

Najua jibu litakalotolewa. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kigeni, na istiari ilikuwa ngao yake; kuinyamazia siasa ni kumdhulumu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ngao ni kitu kigumu, na ukiifanya ya karatasi haimkingi mtu. Karama anaposimama mbele ya mahakama ya Kusadikika kujibu mashtaka ya waziri Majivuno, hadithi inamlinda mwandishi kwa sababu mahakama ile ina uzito wake yenyewe, ina siku zake za kusikiliza kesi na watu wake wanaobadilika nyuso kadiri Karama anavyosimulia. Siasa itakuja. Huja yenyewe, mara nyingi usiku wa pili, msomaji akiwa amezima taa.

Hata hivyo Todorov hatufai kwa yote, na hapa ndipo mpendekezaji wa Kiswahili anapohitaji akili yake mwenyewe. Mashaka yake ni ya msomaji anayeanzia kwenye ulimwengu usio na majini. Msomaji wa Mikindani au wa Pemba huenda hakuanzia huko. Kwake jini ni jirani mwenye adabu zake, kuna miti asiyopita chini yake saa za magharibi, na kuna mtu wa ukoo anayepungwa. Mwaka 1995, taharuki ya jini aitwaye Popobawa ilipovuma Zanzibar, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Mtu aliyekesha usiku ule hawezi kupewa hadithi ya kutisha kwa maelezo kwamba "ni mambo ya kubuni tu". Ukimwambia hivyo umemtukana, na kitabu umekiharibu.

Kwa hiyo, kabla sijapendekeza, mimi huuliza swali moja: wewe unaanzia wapi? Anayeamini nampa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Mauaji yametokea mahali panapoogopwa, na mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake kuuliza maswali ya mtu asiyetishika. Msomaji anayeamini ndiye anayefaidi zaidi, kwa kuwa ana cha kupoteza: kila Bwana Msa anapoeleza jambo, kitu fulani kinabomoka ndani yake, au kinagoma kubomoka. Asiyeamini atasoma upelelezi mzuri, basi. Huyo nampeleka upande wa pili, kwa Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, ambamo mkubwa mmoja aliyejaa mali na ufisadi, anayeitwa K tu, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa. Wahakiki huiweka kwenye uhalisia wa kimazingaombwe. Mimi humwambia msomaji tu kwamba babu amerudi na hana haraka ya kuondoka.

Kwa aliyependa kitabu hicho na anasoma Kiingereza, hatua inayofuata ni Kindred ya Octavia Butler, iliyotoka mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi Maryland ya enzi za utumwa kila mhenga wake mmoja, mtoto wa mzungu mwenye shamba, anapokuwa hatarini kufa. Kitabu kinaanza na mkono uliokatika. Butler hakueleza mashine yoyote ya kusafiria wakati, na aliikataa lebo ya sayansi kwa kuwa sayansi haimo. Msomaji wetu hahitaji maelezo hayo pia. Kuitwa na mhenga ni jambo analolielewa. Ugeni kwake ni kwamba mhenga anayeita ndiye mwenye mjeledi.

Mjeledi unanirudisha kwenye kitabu ninachokipendekeza kuliko vyote, Adili na Nduguze ya mwaka 1952. Kiini chake kimetoka katika Alfu Lela U Lela, na mtu akikiita kitabu cha maadili simkatalii, jina lenyewe limekwisha kusema. Lakini tazama tukio lenyewe. Adili, liwali aliyesifika kwa upole, usiku anakwenda walikofungwa manyani wawili, anawachapa viboko, kisha anawahudumia kwa huruma huku moyo ukimuuma. Anayeona ni mgeni, mjumbe wa mfalme, na wewe unaona kwa macho ya mgeni huyo, hujui lolote. Katika kisa cha Kiarabu wanyama hao ni mbwa. Shaaban Robert akawafanya nyani, na sijui badiliko dogo jingine katika fasihi yetu lenye kutisha namna hiyo. Mbwa hupigwa kila siku barabarani tukapita. Nyani ana kiganja, ana kucha kama zako, anajikinga uso kwa mkono. Ukimwambia msomaji mapema nyani hao ni akina nani na wamekosa nini, umemnyang'anya usiku mzima.

Bunilizi za kisayansi ni eneo jembamba zaidi kwetu, na wengi huniambia halipo. Lipo. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini Kenya mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Anakimudu, na anatua kwenye ulimwengu ambao watu wake wanaishi kwa usawa. Darko Suvin alidai mwaka 1979 kwamba utanzu huu hujengwa juu ya kitu kimoja kipya kinachoaminika kiakili, na ulimwengu wote wa hadithi hufuata kutoka hapo. Kwa kipimo hicho Walenisi ina udhaifu: chombo chake kinafanya kazi kama farasi wa hekaya kuliko kama mtambo, na wenyeji wa Walenisi wana majibu ya kila swali. Ndiyo maana huisindikiza na The Dispossessed ya Ursula Le Guin, ya mwaka 1974, ambayo mwezi wake usio na serikali una njaa, wivu wa kiofisi na wasomi wanaozibana midomo. Mkangi anaota, Le Guin anaamka na kuhesabu gharama za ndoto.

Riwaya za Kezilahabi, Nagona na Mzingile, naziacha kwa sasa. Ni vitabu vikubwa, lakini sijapata kumwona msomaji aliyeanzia hapo akarudi kuazima cha pili. Na wale wanaosoma visa vya kichawi vinavyotolewa sehemu kwa sehemu kwenye simu, vinavyokatika panapouma kisha vikaandikwa "itaendelea", hawahitaji pendekezo langu. Wao tayari wanasoma jini kama jini, na pengine ni sisi wa makala za kitaaluma tunaopaswa kwenda kuwauliza.

Yule kijana nilimpa Walenisi. Sikumwambia jina hilo linasomekaje ukilikata vipande vitatu, wala mwandishi alifungwa kwa nini. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu amefungiwa kwenye chombo asichojua kukiendesha. Alikaa nacho wiki mbili. Aliporudi hakukaa hata kwenye kiti, akauliza amesimama mlangoni: "Mwalimu, kile chombo kilikuwa kinatumia mafuta gani?"