Kabla Hujang'oa Hilo Dirisha la Chuma

Ukipita mitaa ya zamani ya Kitale siku hizi utaona nyumba zinafanyiwa ukarabati, na kitu cha kwanza kung'olewa ni madirisha. Yale ya chuma, yenye vioo vidogo vidogo na kile kifimbo chenye matundu cha kuzuia upepo usiyapigize. Yanauzwa kama chuma chakavu, halafu inawekwa alumini ya kusukuma. Na sasa watu wetu walio Uingereza wanatuonyesha kwenye video zao madirisha ya vioo viwili viwili, na sisi huku tumeanza kutamani.

Sina shida na vioo viwili. Shida yangu ni kwamba tunakopi dirisha bila kuuliza lilitengenezwa kupigana na nini.

Anzia Bungoma. Nyumba ya Kibukusu ya zamani ilikuwa ya duara, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi. Dirisha kama hili letu halikuwepo. Wageni waliona giza tu, wakasema hawa watu hawajui hewa safi. Lakini jamani, paa lenyewe lilikuwa linapumua. Moshi wa jikoni ulipenya polepole kwenye nyasi, ukakausha mbao na kufukuza wadudu njiani. Tena hadi vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895, Wabukusu wengi waliishi ndani ya ngome za kuta za udongo. Kama una adui huko nje, unatoboa ukuta wako ili umwone nani?

Halafu kodi. Mwaka 1901 wakoloni walileta kodi ya nyumba, inalipwa kwa rupia, nyumba zinahesabiwa moja moja. Watu nao wakafanya hesabu yao: wakabanana wengi kwenye nyumba chache. Mzungu alikasirika, lakini kwao walishafanya vilevile! Uingereza ilikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na watu waliziba madirisha kwa matofali ili wasilipe. Mengine yamezibwa hadi leo. Serikali ikihesabu kitu, watu hukipunguza.

Rupia ya kulipa kodi ilibidi itafutwe, na wengi waliitafuta kwenye mashamba ya wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Kiingereza waligawiwa ardhi Trans Nzoia. Mji wa Kitale ukakua, reli ikafika 1926. Mlowezi alijenga nyumba yenye madirisha makubwa ya vioo aangalie Mlima Elgon akinywa chai, na waliomjengea walirudi jioni kulala kwenye vibanda. Lakini angalia kitu ambacho watu huwa hawakioni kwenye nyumba hizo: bomba la moshi. Mlowezi aliweza kufunga madirisha yote usiku wa baridi kwa sababu moto wake ulikuwa na njia yake ya kutokea, juu kabisa.

Baadaye dirisha la chuma likaenea kila mahali. Shule, zahanati, nyumba za walimu, ploti za kupangisha. Likaongezewa grili kwa sababu ya wezi. Bomba la moshi halikuja nalo, maana lilikuwa ghali na nyumba zilikuwa ndogo. Kilichokuja ni vile vitundu vya hewa juu ya dirisha, vyenye wavu wa mbu, ambavyo huwezi kuvifunga hata ukitaka. Sisi wengine tumekua tukiviona kama kosa la fundi. Si kosa. Ndilo bomba la moshi la mtu wa kawaida.

Sasa rudi kwa vioo viwili. Dirisha la kale la Uingereza la kupandisha na kushusha lina fremu mbili za mbao, kamba, na vyuma vizito vilivyofichwa pembeni ili fremu isikuangukie kichwani. Ukilitia vioo viwili linakuwa zito, kwa hiyo fundi lazima aongeze vile vyuma, la sivyo halikai juu. Na kinachozuia joto kutoroka hasa si kile kioo cha pili, ni hewa iliyofungiwa katikati. Kazi safi sana, imebuniwa kwa ajili ya watu wanaopigana na theluji na bili ya kupasha nyumba joto.

Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Huko vioo viwili ni maonyesho tu, nasema wazi. Kitale, karibu mita 1,900, naelewa. Usiku wa Julai huko si mchezo. Lakini usiku huohuo ndio mtu anaingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi nchini tunasikia familia imelala na haikuamka. Nyumba ya nyasi ilikuwa na njia ya moshi. Ya mlowezi pia. Yako yenye alumini inayofunga kabisa, na vitundu vya juu vimepigwa plasta ili ukuta ukae fiti, haina.

Kwa hiyo kama una dirisha la chuma, mwite fundi kwanza. Akwangue kutu, abadilishe puti iliyokauka, aweke mpira pembeni mwa fremu. Baridi nyingi inaingilia hapo, na gharama yake hailingani hata kidogo na dirisha jipya. Ukitaka kioo cha pili, kinaweza kuwekwa kwa ndani kwenye fremu yake bila kung'oa chochote. Hata Uingereza wenye nyumba za kihistoria hufanya hivyo. Vile vitundu vya juu mwambie asiviguse. Na jiko libaki nje hata kama vitundu viko, kwa sababu havikutobolewa vikiwa na hesabu ya makaa ya usiku kucha.