Jangwa Linalofikwa na Bahari: Neno, Ardhi na Chumvi Kaskazini mwa Malindi

Makala haya yanaichunguza historia ya uwanda wa chumvi ulio kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni hadi Kurawa kwenye ghuba ya Ungwana, kwa kulifuata neno moja: jangwa. Mwanafunzi wa leo akilisikia neno hilo hukumbuka Sahara. Hata hivyo, Jangwani ya Dar es Salaam imo katika bonde la Msimbazi, ambalo hufurika kila mvua inapozidi. Pwani, jangwa huweza pia kuwa uwanda ulio wazi nyuma ya mikoko, usiofikwa na bahari ila wakati wa bamvua.

Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Maji hupenya mikoko na mikandaa, huipita michu iliyodumaa, kisha hutanda uwandani. Yakishakuwa maji mafu, uwanda hukaa siku kadhaa bila kuguswa. Jua na upepo hukausha kilichobaki, nayo chumvi hujikusanya udongoni kiasi kwamba hata mchu, mti mvumilivu kuliko yote ya jamii hiyo, hushindwa kuota. Utupu huo, basi, umefanywa na bahari yenyewe. Msimu wa kaskazi ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huja kujilisha kwenye matope ya kandokando yake.

Lugha ya biashara iliupuuza uwanda huu. Wauza miti waliipanga mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Serikali ya kikoloni nayo ilitangaza misitu ya mikoko kuwa hifadhi mwaka 1932. Uwanda haukuwa na boriti ya kuhesabiwa. Tangu miaka ya 1970, uzalishaji mkubwa wa chumvi ulipopanuka, ardhi iliyoonekana tupu ilikuwa rahisi kukodishwa. Maji ya bahari huingizwa kwa pampu katika mabwawa mapana, yakahamishwa kutoka bwawa hadi bwawa huku yakizidi kukolea. Jasi hutangulia kuganda, chumvi hufuata. Kwa hakika viwanda viliiga kazi ambayo uwanda ulikuwa ukiifanya bila pampu. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini, ikasikiliza malalamiko ya wakazi kuhusu kuondolewa katika ardhi, visima kuingia chumvi na njia za kwenda baharini kuzibwa.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ni maji yapi? Tukichukua maji ya kila siku, jangwa limo nchi kavu. Tukichukua bamvua, limo baharini. Kiswahili kina msamiati wa kulitenga hilo, na wanaotafsiri sheria wanapaswa kuutumia. Ugumu ni kwamba mabwawa yamejengewa kuta, na maji ya bamvua hayafiki tena yalikokuwa yakifika. Mpima ardhi atakayekwenda leo kuitafuta alama hiyo ataikuta ukutani.