Nani Hukagua Mizani ya Muumini?

Mkulima wa viazi wa Njombe haelezwi maana ya lumbesa. Gunia likishajaa hadi mdomoni halifungwi. Wapakiaji huongeza wavu juu yake, huushona kwa kamba kuzunguka mdomo, kisha huendelea kujaza mpaka shehena ikae juu ya gunia kama kilemba. Sheria ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwakamata wanaoivunja. Hata hivyo mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, mkulima huipokea kwa kuwa akikataa viazi vitamwozea, na siku ya ibada ikifika kila mmoja hukaa kwenye safu yake au benchi lake akasali kwa moyo wa kweli.

Sisemi kwamba sala hiyo ni ya unafiki. Nasema kati ya sala na gunia kuna pengo, na pengo hilo halizibwi na hotuba nyingine ya kukataza wizi, maana hakuna dini isiyoukataza. Kulinganisha makatazo ya dini, basi, hakutatufikisha mbali. Cha kulinganisha ni utaratibu: baada ya kuwaambia waumini wasipunje, kila mila ilifanya nini ili neno hilo lifike dukani, karakanani na shambani?

Nimechagua mila tatu ambazo zote zina wafuasi katika Afrika Mashariki: soko la Kiislamu na mkaguzi wake, monasteri ya Kibenediktini, na Marafiki, yaani Waquaker. Nikiziweka pamoja naona jambo moja: uadilifu kazini haukudumu kwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja, hata alipokuwa mcha Mungu. Ulidumu pale waumini walipokubali kuulizana juu ya kazi zao.

Nianze na Uislamu, kwa kuwa ndio ulioigusa mizani waziwazi zaidi. Sura ya 83 ya Kurani, al-Mutaffifin, imebeba jina la wapunjaji wenyewe. Lawama yake inaanza na mtu anayedai apimiwe kamili anapopokea, ndipo inamfikia anayepunguza anapotoa. Kwa hiyo mnunuzi anayejipimia naye hajaachwa nje, na hilo linamhusu moja kwa moja dalali wa lumbesa. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha.

Wanazuoni waliofuata waliishi kwa kipimo hicho. Abu Hanifa, imamu aliyefariki mwaka 767, alikuwa mfanyabiashara wa hariri mjini Kufa. Inasimuliwa kwamba mshirika wake aliuza kitambaa chenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, na mnunuzi hakupatikana tena. Abu Hanifa akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale.

Lakini fikihi haikumtegemea kila mchuuzi awe Abu Hanifa. Ilimpa mnunuzi haki ya kurudisha mali akigundua kasoro iliyofichwa. Na katika miji kama Baghdad, Damascus na Cairo palikuwa na muhtasib, mkaguzi wa soko aliyewekwa na dola. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo katika karne ya 12, alishuka hadi kwenye sahani za mizani: zifutwe mara kwa mara, maana tone la mafuta likiganda upande mmoja hubadili uzito. Hapo ucha Mungu umefika mpaka kwenye kitambaa cha kufutia mizani. Ubora wa mpango huu ni kwamba haukubagua: muuzaji awe Muislamu, Mkristo au Myahudi, sahani zake zilikaguliwa vile vile. Udhaifu wake ni kwamba muhtasib ni mtu wa dola, na dola ikioza naye huoza. Katika Cairo ya Wamamluki cheo hicho chenyewe kilifikia kununuliwa kwa fedha.

Wabenediktini waliikabili kazi kwa njia nyingine. Benedikto wa Nursia aliandika Kanuni yake nchini Italia katika karne ya 6, na wafuasi wake wa St. Ottilien walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Leo monasteri za Hanga na Mvimwa ni za Watanzania. Mgeni wa Peramiho huona karakana, matbaa na hospitali vikiwa jirani na kanisa la abasia, kwa sababu katika mila hii kazi ya mikono imepangiwa saa zake katika ratiba ya siku pamoja na zaburi.

Sura tatu za Kanuni hiyo zinagusa moja kwa moja jambo letu. Sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba, jembe na sufuria vikiwemo, kwa heshima ile ile ya vyombo vya altare. Sura ya 57 inasema fundi anayejivunia ufundi wake aondolewe kwenye kazi hiyo mpaka anyenyekee, na bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili uroho usipenyee kwenye bei. Sura ya 46 inasema anayevunja au kupoteza kitu kazini aende mwenyewe, mara moja, akakiri mbele ya abati na ndugu zake. Kosa likijulikana kupitia kwa mtu mwingine, adhabu huwa kubwa zaidi. Mwenye chakula kilicholowa angeielewa sura hii vizuri. Mila mbili zilizo mbali hivi kwa nchi na kwa lugha zimekutana hapa: kuharibikiwa ni jambo la kibinadamu, kuficha ndiko kunakoharibu imani.

Tofauti yao ni nani anayeuliza. Sokoni anauliza mtu wa nje, mwenye mamlaka ya kuadhibu. Monasterini wanauliza ndugu wanaokula nawe meza moja. Huo ni ukaguzi wa ndani sana, ila umejengwa juu ya nadhiri. Bruda hana mali yake binafsi, hana ada ya shule ya kulipa, hana mkwe anayedai mahari. Mama anayeuza nyanya sokoni Kariakoo hawezi kuiga maisha hayo, na hapaswi kuambiwa kwamba asipoyaiga imani yake ni pungufu.

Hapo ndipo Marafiki wanapotufaa, kwa kuwa walikuwa wachuuzi wenye familia kama sisi. Walitokea Uingereza katikati ya karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Mwaka 1902 wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wale wa mwanzo walisema kwamba muuzaji anayetaja bei ya juu huku akijua ataishusha amesema uongo. Wakaweka bei moja kwa kila mteja. Fox mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni wateja waliwakimbia, kisha wakarudi walipoona kwamba hata mtoto akitumwa dukani hatapunjwa.

Msomaji wa pwani anaweza kushangaa hapa, na ana haki. Kwetu kupatana bei ni sehemu ya maongezi ya sokoni, na sheria ya Kiislamu inakuruhusu mradi hakuna hila. Mila hizi hazikubaliani juu ya bei: Muislamu huipatana huku akionyesha kasoro, Mbenediktini huishusha, Rafiki huifunga. Zinakubaliana juu ya jambo moja: asiyejua asigeuzwe chumo.

Chombo cha Marafiki kilikuwa mkutano wa mwezi. Waumini wa eneo moja walikutana kusali, na katika kikao hicho hicho wakashughulikia mambo ya kazi. Mwenye biashara iliyoanza kulemewa na madeni alitembelewa na wazee nyumbani, wakapitia naye hesabu zake. Aliyekopa bila uwezo wa kulipa akakaidi ushauri aliweza kuondolewa katika jumuiya. Ukaguzi huu haukuwa na polisi wala nadhiri. Ulikuwa na majirani wa imani moja waliopeana ruhusa ya kuuliza.

Kabla hatujazisifu mila hizi kupita kiasi, yatupasa tuutazame utumwa, kwani zote tatu zinaguswa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mfanyabiashara aliweza kupima pembe za ndovu kwa uaminifu kamili, huku watu waliotekwa bara wakiuzwa kama bidhaa. Wamisionari wa kusini mwa Tanzania ya leo walifundisha heshima ya kazi chini ya bendera ya Wajerumani waliowalazimisha watu kulima pamba bila ujira wa maana, na mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipozuka, wapiganaji waliichoma Peramiho. Familia ya Cadbury, Marafiki waliowajengea wafanyakazi wao kiwanda chenye bustani huko Bournville, walianza kusikia mwaka 1901 kwamba kakao waliyoinunua São Tomé ilivunwa na watu waliochukuliwa Angola kwa nguvu. Waliacha kuinunua mwaka 1909.

Hawa hawakuwa watu wasio na imani. Walikuwa na mizani safi, ila kuna watu hawakuwekwa kwenye hesabu. Jumuiya hukagua kile tu ilichokubali kukitazama.

Je, inaweza kujifunza kutazama zaidi? Maisha ya John Woolman, Rafiki wa New Jersey aliyezaliwa mwaka 1720, yanajibu kwamba inawezekana. Akiwa karani dukani, mwajiri wake alimwagiza aandike hati ya mauzo ya mwanamke mtumwa. Aliiandika huku moyo ukimsuta, akawaambia mwajiri na mnunuzi hapo hapo kwamba kumiliki watumwa hakupatani na dini yao. Baadaye mtu mwingine alipomwomba hati kama hiyo, alikataa. Duka lake mwenyewe liliponawiri kuliko alivyotaka, alilipunguza akawaelekeza wateja kwa wauzaji wengine. Alisafiri nyumba kwa nyumba kwa Marafiki wenye watumwa, akizungumza nao bila kuwafedhehesha, na watumwa waliomhudumia aliwalipa. Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia uliunda kamati, yeye akiwemo, ya kuwatembelea wenye watumwa. Mwaka 1776, miaka 4 baada ya kifo chake, mkutano huo ulimkataza mwanachama yeyote kumiliki mtu. Dhamiri ya mmoja ndiyo iliyoanza. Isingefika popote kama pasingekuwa na kikao cha kuipeleka.

Kikao hicho sisi tunacho tayari. Tazama VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, na aliyechelewa hulipa faini bila kununa. Wanakikundi ni Waislamu na Wakristo wanaokaa mtaa mmoja, na hakuna anayeona kufuli ya pili kama tusi kwa mwenye ufunguo wa kwanza. Tunajua kabisa kwamba kuaminiana na kukaguana huenda pamoja.

Ila ujuzi huo tumeufungia sandukuni. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zimekuwepo katika ukanda huu tangu miaka ya 1970, na kila msikiti una kamati yake. Vikao hivyo huuliza nani hajatoa mchango wa bati au wa kisima. Ni nadra kuuliza mchango umechumwa vipi. Mwenye lori hushangiliwa kwa kuchangia sana, na mkulima aliyejaziwa lumbesa amekaa benchi la nyuma.

Hofu ya kuuliza inaeleweka. Watu wataogopa umbea, wivu na kulipiziana visasi. Mila tulizozitazama zimeshapata dawa ya hofu hiyo. Wazee wa Marafiki walikwenda nyumbani kwa mhusika, hawakumtangaza barazani. Benedikto alimpunguzia adhabu aliyejisema mwenyewe. Muhtasib alikagua sahani, hakukagua mioyo. Jumuiya inayotaka kuanza inaweza kuanza na mambo matatu yanayoonekana kwa macho: kipimo kiwe halali, kasoro isemwe kabla ya kulipa, na kibarua alipwe siku aliyoahidiwa.

Tena uadilifu wa mmoja pekee huumiza. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, dalali humruka na kununua kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa siku moja, mnunuzi hana budi kupima kwa kilo. Hali kadhalika kwa fundi, karani na dereva: asiyepokea rushwa ofisini peke yake huhamishwa, lakini akiwa na wenzake wa imani wanaojua anachopitia, watakaomkopesha mwezi mgumu ukija, ana mahali pa kusimamia. Ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa dhamiri za watu binafsi, wala serikali peke yake. Ni wajibu wa msikiti na kanisa kama ulivyo wajibu wa kuzika na kulea yatima, na jumuiya inayomzika mwenzao kwa heshima inaweza pia kumuuliza, angali hai, anapima vipi na anawalipa vipi wanaomfanyia kazi.