Mjuzi wa Njia na Mshika Fedha

Henry Morton Stanley alipotia nanga Unguja Januari 1871, akijiandaa kwa safari ya bara, alikuwa na fedha za gazeti la New York Herald na vitabu vya waliomtangulia, akina Burton na Speke. Majibu hakuwa nayo. Wapagazi mia moja huhitaji nguo kiasi gani kwa siku ili wapate chakula njiani? Ushanga upi hupokelewa Ugogo, na upi mtu atarudi nao pwani kama alivyokwenda nao? Waya uwe mnene kiasi gani? Vitabu vile, alilalamika, havikugusa mambo hayo. Ikabidi awaendee wafanyabiashara wa mjini. Sheikh Hashid akampigia hesabu: watu mia moja, doti 10 kwa siku, yaani yadi 40; basi anunue doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi.

Mimi historia ya wakala wa safari naianzia kwenye baraza kama ya Hashid. Vitabu vingi huianzia Uingereza, tarehe 5 Julai 1841, siku Thomas Cook alipowapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, shilingi moja kila mmoja, kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Cook ana haki yake. Lakini yeye alikuwa hodari wa kukusanya abiria, na Hashid alikuwa hodari wa kuijua bara. Ni kazi mbili, ingawa zinaitwa jina moja, na tangu hapo mjuzi wa njia na mshika fedha wamekuwa wakivutana.

Bagamoyo ilimtoa mtu aliyekaribia kuwa vyote viwili. Stanley alipovuka kutafuta wapagazi alikutana na kijana wa Kihindi wa miaka kama ishirini, ambaye kitabuni alimwandika "Soor Hadji Palloo", akamlalamikia kweli kweli kwa hesabu za ujanja. Huyo ni Sewa Haji Paroo. Inawezekana alimpunja; inawezekana pia mgeni yule hakupenda kumtegemea mtoto wa juzi. Vyovyote iwavyo, ndani ya miaka ishirini misafara mingi ya Wazungu iliyotokea Bagamoyo ilipita mikononi mwake: wapagazi, nguo, bunduki, pembe za ndovu za kurudi nazo. Alijua Wanyamwezi hurudi makwao lini kulima, kwa hiyo alijua lini wapagazi wangeadimika na bei kupanda. Alifariki 1897, na ukienda Muhimbili leo utalikuta jina lake kwenye jengo la wodi. Wagonjwa wengi wanaolitaja kila siku hawajui kwamba mtu huyo aliuza safari.

Makka ilikuwa na utaratibu wake, uliopangwa kuliko wa Bagamoyo. Huko mutawifu, yaani mwongozaji wa mahujaji, hakumpokea kila hujaji. Huyu alikuwa na watu wa Java, yule wa sehemu fulani ya India, mwingine wa Maghribi. Alijua lugha yao na chakula chao, akawapangishia nyumba, akawatafutia ngamia wa kwenda Arafa, akawaongoza katika ibada. Haki ya kuwahudumia watu wa nchi fulani ilitolewa na watawala, na ilirithiwa kama shamba.

Mwaka 1886 serikali ya Uingereza nchini India, ikichoshwa na malalamiko juu ya meli zilizojazwa mahujaji kama mizigo, iliipa kampuni ya Cook kazi ya kusafirisha mahujaji. Cook aliweza tiketi na meli ya kutoka Bombay hadi Jeddah. Ila asiye Mwislamu haingii Makka, kwa hiyo ujuzi wa kampuni kubwa ya safari kuliko zote duniani ulikomea bandarini, na kutoka hapo hujaji alikuwa wa mutawifu. Mpango ule ulikoma 1893.

Nairobi ilipata wajuzi wake baada ya reli. Newland & Tarlton, kampuni ya Waaustralia, ndiyo iliyoandaa safari ya Theodore Roosevelt ya 1909: mahema, vyakula, wapagazi wapatao 200, na mzigo wa vitabu ambavyo rais huyo mstaafu hakukubali kuviacha. (Aliyevibeba kichwani hakuulizwa kama anapenda kusoma.) Baadaye Nairobi ikawa mlango wa Serengeti na Ngorongoro pia: mgeni alilipa Kenya, akavuka kuangalia simba wa Tanzania, akarudi kulala Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka, na magari ya watalii yaliyokutwa upande wa pili yakashikiliwa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi 1983, na Arusha ilibidi ijifunze kuuza mbuga ambazo siku zote zilikuwa nyuma ya nyumba yake.

Kwa mawakala wa Ulaya na Marekani, kilichowasukuma kuchagua nchi moja na kubobea humo ni hesabu tu. Kwa miaka mingi walikula kamisheni ya tiketi za ndege. Mwaka 1995 shirika la Delta liliiwekea kikomo, na kufikia 2002 mashirika makubwa ya Marekani yalikuwa yameacha kulipa kamisheni ya kawaida. Tiketi mtu akainunua mwenyewe kwenye intaneti. Likabaki la kuuza moja, lile la Sheikh Hashid: kujua.

Kujua kwenyewe ni mambo madogo madogo. Kwamba nyumbu huzalia nyanda za Ndutu kati ya Januari na Machi, na kwamba anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara aje kati ya Julai na Oktoba, tena asiahidiwe siku. Kwamba Paje, Unguja, maji yakipwa bahari hurudi nyuma mbali mno, na bwana harusi aliyelipia kuogelea atawatazama akina mama wa mwani wakifanya kazi. Kwamba Aprili ni masika, na bei nafuu ya Aprili ina sababu yake.

Hujaji naye mambo yamembadilikia. Mwaka 2022 Saudi Arabia iliwataka Waislamu wa Ulaya, Marekani na Australia waombe nafasi za hija kwenye tovuti moja, bila wakala. Waliipa jina Motawif. Mwaka huo wapo waliokuwa wamelipa, na siku ya kuruka ikafika hawana tiketi, wala hawana ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Arusha, saa nne usiku, simu ya meneja wa kampuni ndogo inalia. Ni wakala wa Ujerumani, bingwa wa Afrika Mashariki kwa cheti kilichotundikwa ukutani kwake, anauliza kama njia ya Ndutu inapitika baada ya mvua ya jana. Meneja anampigia dereva aliyeko huko, anapata jibu, anaandika: wapite Naabi, wasipite kando ya ziwa. Asubuhi wageni watapokea maelekezo hayo neno kwa neno, yakiwa na nembo ya Ujerumani.